Mkomunisti, mfashisti, mhaini: maswali yenu kuhusu lugha ya siasa za Marekani

Tangu New York imchague meya mzaliwa wa Kampala, maswali kuhusu majina wanayoitana wanasiasa wa Marekani yamekuwa mengi. Haya ni saba kati yake.

Trump alimwita Zohran Mamdani mkomunisti. Ni kweli, au ni vijembe tu? (Kampala)

Ni vijembe. Mamdani, aliyezaliwa mwaka 1991 na kushinda uchaguzi wa tarehe 4 Novemba 2025, ni mwanachama wa Democratic Socialists of America, yaani wajamaa wanaotafuta madaraka kwa kura. Aliahidi mabasi ya bure, kutopandishwa kwa kodi ya pango katika nyumba ambazo kodi yake hupangwa na jiji, na maduka matano ya vyakula ya manispaa kwa majaribio, katika jiji la watu zaidi ya milioni 8. Anayekumbuka maduka ya ushirika ya Tanzania miaka ya themanini atacheka: maduka matano hayatoshi hata kufanya foleni.

Neno huchaguliwa kwa kuangalia masikio ya msikilizaji. Kwa Mtanzania wa makamo, "mjamaa" si tusi. Kwa familia iliyoikimbia Cuba ikahamia Florida, "mkomunisti" ni neno lenye kaburi ndani yake, na waandishi wa hotuba wanalijua hilo.

Upande wa pili nao una neno lake. Oktoba 2024 John Kelly, jenerali mstaafu aliyewahi kuongoza watumishi wa Ikulu chini ya Trump, alisema bosi wake wa zamani anaingia katika maana ya mfashisti. Siku iliyofuata Kamala Harris aliulizwa kwenye CNN kama anakubali, akakubali. Mamdani pia alilitumia neno hilo. Kisha tarehe 21 Novemba 2025 yeye na Trump wakakutana Ikulu, na mwandishi akamuuliza meya mteule kama bado anamwona Rais kuwa mfashisti. Kabla hajamaliza kujibu, Trump akamkatiza: sema tu ndiyo, ni rahisi kuliko kueleza. Akampigapiga mkononi. Uzito wa maneno ya kampeni upimeni kwa tukio hilo.

Mbunge mmoja alitaka Mamdani avuliwe uraia. Mimi nina uraia wa kuandikishwa. Niogope? (Houston)

Aliyeomba hivyo ni Andy Ogles wa Tennessee, Juni 2025. Barua ya mbunge haimvui mtu uraia. Kwa njia ya madai ya kawaida, Wizara ya Sheria lazima ifungue kesi katika mahakama ya shirikisho na ithibitishe kwa ushahidi ulio wazi na usio na utata kwamba uraia ulipatikana kinyume cha sheria, au kwa kuficha au kudanganya jambo la msingi. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ilikataa kumvua uraia William Schneiderman, ambaye yeye alikuwa mkomunisti kwelikweli, kiongozi wa chama. Mwaka 2017 ikaongeza kwamba uongo usiochangia kupata uraia hautoshi kumtia mtu hatiani katika kesi ya jinai inayomvua uraia.

Yanayowakwamisha watu ni mengine: jina lililoandikwa tofauti kwenye faili la ukimbizi, ndoa au kukamatwa na polisi ambako hakukutajwa. Kesi hizi za madai hazina ukomo wa muda. Kwa hiyo tunza nakala ya N-400, fomu yako ya kuomba uraia, pamoja na ya ombi la kwanza la hifadhi. Ukikuta kosa, nenda kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu nyingine yoyote. Sheria pia ina kifungu cha miaka mitano: ukijiunga na kundi ambalo lingekuzuia kupewa uraia, mfano chama cha kikomunisti, ndani ya miaka mitano baada ya kiapo, hilo lenyewe huanza kuhesabiwa kama ushahidi dhidi yako.

Hapa kwetu bado kuna wanaoapa Obama alizaliwa Kenya. Si kulikuwa na cheti? (Kisumu)

Kulikuwa na cheti cha kughushi. Mwaka 2009 wakili wa California, Orly Taitz, aliwasilisha mahakamani karatasi iliyodai Obama alizaliwa Mombasa. Ilikuwa na kichwa cha Jamhuri ya Kenya na tarehe ya Februari 1964. Ninyi mnaosherehekea Jamhuri Dei mmeshaona kosa: Kenya ilikuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Februari ile bado Malkia wa Uingereza ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi. Baadaye ikaonekana kwamba mpangilio wake ulifanana na cheti cha Australia Kusini.

Cheti halisi ni cha Honolulu, 4 Agosti 1961, na magazeti mawili ya huko yalitangaza kuzaliwa kwake mwezi uleule. Ikulu ilitoa nakala ndefu tarehe 27 Aprili 2011. Trump, aliyekuwa akiuchochea uvumi huo, alikiri tarehe 16 Septemba 2016 kwamba Obama alizaliwa Marekani, na papo hapo akadai ulianzishwa na kampeni ya Hillary Clinton.

Tazameni jinsi uvumi huu ulivyotengenezwa, maana unarudiwa kila uchaguzi. Haukuhitaji kudai kitu, ulihitaji kuuliza tu: "Kwa nini haonyeshi?" Akionyesha cheti kifupi, swali linahamia kirefu. Akionyesha kirefu, linahamia kwenye wino wake. Anayeuliza habebi mzigo wa ushahidi hata mara moja.

Kenya mtu hushtakiwa kwa maneno ya chuki. Kwa nini Marekani wanaachiwa? (Nakuru)

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya, ya mwaka 2008, inatoa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Marekani haina sheria ya namna hiyo, na ikitungwa Mahakama ya Juu itaifuta. Katika kesi ya Brandenburg ya mwaka 1969, iliyomhusu kiongozi wa kundi la wabaguzi wa rangi la Ku Klux Klan huko Ohio, ilisema uchochezi huadhibiwa pale tu maneno yanapokusudia kuzua uhalifu papo hapo na yakiwa na uwezekano wa kuuzua. "Siku moja tutalipiza" hayafiki hapo. Mwaka huohuo ikamwachia kijana aliyesema kwamba wakimpa bunduki, wa kwanza kumlenga atakuwa Rais Johnson. Majaji waliona ni kutia chumvi kwa kisiasa, si tishio.

Kesi za kumchafulia mtu jina zipo, ila tangu 1964 kiongozi wa umma lazima athibitishe kwamba msemaji alijua anadanganya au hakujali kama anadanganya. Na ndani ya Bunge kinga ni kamili. Seneta Joseph McCarthy aliijua vizuri. Mwaka 1950 huko West Virginia aliripotiwa kusema ana orodha ya wakomunisti 205 katika Wizara ya Mambo ya Nje. Punde wakawa 57. Alipoingia Seneti, wakawa 81. Ilichukua hadi Desemba 1954 kwa Seneti kumkaripia, kwa kura 67 dhidi ya 22.

Mahali ambapo maneno hupungua makali ni mahakamani, kwa sababu huko yana bei. Baada ya uchaguzi wa 2020 Rudy Giuliani, wakili wa Trump, alipiga kelele za wizi wa kura kila penye kipaza sauti. Tarehe 17 Novemba, mbele ya jaji wa shirikisho huko Pennsylvania, alibanwa maswali, akasema kesi yake si ya udanganyifu. Desemba 2023 baraza la wazee wa mahakama lilimwamuru awalipe wasimamizi wawili wa kura wa Georgia, aliowasingizia, dola milioni 148. Mwaka huohuo televisheni ya Fox, iliyotangaza madai ya wizi wa kura, ilikubali kuilipa kampuni ya mashine za kura ya Dominion dola milioni 787.5.

Trump alisema wabunge sita ni wachochezi wanaostahili kifo. Sheria inasemaje? (Bujumbura)

Novemba 2025 wabunge sita wa Democratic, wote waliowahi kuwa jeshini au katika ujasusi, waliwakumbusha wanajeshi kwamba wanaweza kukataa amri haramu. Hiyo tayari ni sheria ya jeshi lenyewe. Uhaini, ambao adhabu yake yaweza kuwa kifo, umefafanuliwa na Katiba, Ibara ya 3: kuipiga vita Marekani, au kushirikiana na maadui zake kwa kuwapa msaada. Wanatakiwa mashahidi wawili wa tendo lilelile, au mtu akiri mahakamani. Njama ya uchochezi ni kosa jingine: linahitaji nguvu, na kwa raia adhabu ya juu ni miaka 20.

Kwa nini wanasiasa hawaachi kutukanana? (Muscat)

Inalipa. Tarehe 9 Septemba 2009 mbunge Joe Wilson wa South Carolina alimkatiza Obama katikati ya hotuba: "Unadanganya!" Baraza la Wawakilishi likamkemea kwa kura 240 dhidi ya 179. Ndani ya siku chache yeye na mpinzani wake walikuwa wamechangiwa kila mmoja zaidi ya dola milioni 1. Na Wilson hajapoteza kiti. Majimbo mengi ya uchaguzi yana chama kimoja chenye uhakika wa kushinda, hivyo hatari ya mbunge iko kwenye kura za mchujo, ambako hujitokeza wachache na wenye hasira.

Nitahakikishaje kipande cha video? (Minneapolis)

Kama kilisemwa bungeni, tafuta video nzima C-SPAN, runinga inayorusha vikao vya Bunge la Marekani, na utazame dakika mbili kabla na mbili baada. Usitegemee taarifa rasmi ya maandishi peke yake: wabunge huruhusiwa kurekebisha maneno na kuingiza hotuba ambazo hazikutamkwa, ingawa hizi huwekewa alama au herufi tofauti.

Kisha kagua tafsiri ya Kiswahili, ndiko wengi wetu tunakoteleza. Kwa tarehe 6 Januari 2021, wafuasi wa Trump walipoingia kwa nguvu katika jengo la Bunge, Wademocrat wengi husema uasi, Warepublican wengi husema maandamano yaliyopitiliza, na vyombo vyetu huandika "mapinduzi" kana kwamba maneno haya ni mamoja. Mahakama zilitumia majina ya makosa: viongozi wa Oath Keepers na Proud Boys, makundi ya siasa kali za mrengo wa kulia, walitiwa hatiani kwa njama ya uchochezi, wengine kwa kuingia eneo lililozuiwa au kumpiga askari. Ukitafsiri, weka neno la msemaji mwenyewe na umtaje ni nani.