Yungiyungi la kushtukiza: usiyafyeke majani yake

Majira ya kuchipua ya kwanza tangu tuhamie katika nyumba yetu hapa Des Moines, jimboni Iowa, niliona kando ya ukuta mafungu ya majani marefu mithili ya mikanda, ambayo niliyangoja yatoe maua hadi nikachoka. Mwezi Mei yalianza kulala ovyo, nami nikayafyeka yakiwa bado mabichi. Agosti ilipofika, mahali pale pale palichomoza mabua matano yasiyo na jani hata moja, yakarefuka kwa siku chache hadi kunifika mapajani, kisha yakafungua maua ya waridi yenye harufu nzuri. Mwaka uliofuata nilifyeka tena, kwa kuwa sikujua kwamba majani yale na maua yale ni mmea mmoja, na nikavuna mabua mawili tu.

Mama mmoja jirani, aliyekulia shambani, ndiye aliyenifumbua macho. Majani ya yungiyungi hili la kushtukiza, ambalo jina lake la kisayansi ni Lycoris squamigera, ndiyo yanayoupikia mmea chakula, ambacho huwekwa akiba katika tunguu lililo ardhini, na akiba hiyo ndiyo inayolisukuma ua la Agosti. Kwa hiyo yaache mpaka yawe ya manjano na kunyauka yenyewe, hata kama yanaudhi macho, na kwa kweli yanaudhi. Mmea huu, ambao asili yake ni Asia ya Mashariki, si yungiyungi halisi; ukoo wake ni ule wa ua jekundu la duara ambalo kwetu Morogoro huchomoza mvua zinapoanza, nalo mara nyingi hutangulia majani yake.

Matunguu yapandwe kwenye udongo usiotuamisha maji, kina cha sentimita 12 hivi, yakiachana kwa sentimita 15 hadi 20. Chini ya mti unaopukutisha majani panafaa pia, kwa sababu mmea huwahi kupata jua kabla mti haujafunga kivuli. Weka vijiti vya alama, maana Juni na Julai hapaonekani chochote juu ya ardhi, na koleo langu limekwisha kupasua matunguu mawili kwa usahaulifu huo. Mimi nimezungushia kangaga ili mabua yasionekane kama fito zilizochomekwa.

Usitegemee mbegu. Mmea huu ni tasa, kwa kuwa una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, hivyo huongezwa kwa kugawa matunguu baada ya majani kukauka. Baada ya kugawa, subira inahitajika sana: yangu yalitoa majani tu kwa miaka miwili, nami nilikwisha kuamini kwamba nimeyaua, hadi Agosti ya tatu yalipochomoza mabua kumi na moja. Usiyafukue kuyachungulia, kwa kuwa kila usumbufu huahirisha maua.

Tunguu lake hufanana mno na kitunguu maji, lakini lina sumu inayotapisha, kwa hiyo lisikae jikoni wala mahali penye watoto au mbwa. Sumu hiyo hiyo ndiyo inayowafanya kulungu, wanaomaliza kila kitu mtaani kwetu, wayapite maua haya.

Jirani akiniomba mbegu, humwambia hakuna, arudi mwishoni mwa Juni na ndoo.