Kisu cha Kukunja cha Kazi Nzito: Anza na Loki, Kisha Chuma

Kazi yangu ni kufunga matangi ya maji na sola, leo Mbezi Beach kesho Kigamboni, na kisu cha kukunja hakinitoki mfukoni. Nakatia kamba za manila, mikanda ya plastiki inayofungiwa mizigo, maboksi ya betri, na wakati mwingine nakwangulia gundi iliyokauka kwenye paipu. Vijana wengi huniuliza wanunue kipi, na karibu wote huanza na unene wa bapa. Wanataka kisu kinene, cheusi, kinachojaza kiganja. Mimi nawaambia waanze na loki, yaani kile kifungio kinachozuia bapa lisijikunje likiwa wazi, wafuate chuma, unene uje mwisho kabisa.

Kisu cha kukunja kikiharibika kazini, ni nadra bapa kuvunjika. Shida huwa kwenye maungio: pini inalegea, loki inateleza, bapa linarudi mpinini vidole vikiwa njiani. Kijana mmoja tunayefanya naye kazi alikuwa anatoboa pipa la plastiki kwa kisu kinene cha bei ya mezani. Loki ikaachia, akaenda kushonwa kidole cha shahada. Nilikishika kile kisu baadaye. Bapa halikuwa hata na mkwaruzo. Kibamba kilichotakiwa kulizuia lisirudi kilikuwa chembamba kiasi kwamba ukikibonyeza kwa kucha kinapinda.

Loki hiyo ya kibamba cha pembeni si mbaya yenyewe. RAT 1 ya kampuni ya Ontario ya Marekani inaitumia, na ni kisu cha kazi kweli: bapa la sentimita 9 hivi, mpini unaojaza mkono, na kibamba kinene kinachokaa imara chini ya kisigino cha bapa. Ukiwa dukani Kariakoo, fungua kisu ukielekeze kwenye mwanga, uchungulie pale kibamba kinapokutana na bapa. Kama kimegusa ukingoni tu, kirudishe mezani. Kisha shika mpini kwa pembeni, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya bapa, ugongegonge mgongo wa bapa taratibu kwenye ubao. Kisu chenye loki nzima kinabaki wazi. Mwisho tikisa bapa kushoto na kulia. Ukisikia linacheza likiwa jipya, litacheza zaidi baada ya miezi michache. Muuzaji akikukatalia kujaribu, nenda duka la pili.

Loki ya mgongoni ni ya zamani na mimi naiamini zaidi. Buck 110, iliyotoka Marekani mwaka 1964, ndiyo iliyoifanya ijulikane duniani: jino la chuma linaingia kwenye pengo lililochongwa nyuma ya bapa, na springi inalishikilia. Ni kisu kizuri mno, mbao na shaba, lakini kina zaidi ya gramu 200 na hakina klipu ya kukibana mfukoni. Kwenye suruali nyepesi tunazovaa kwa joto hili kinavuta mfuko chini. Ukikitia kwenye ala yake kiunoni, kila mtu kwenye daladala anakiona, na tangu zile habari za panya road, magenge ya vijana waporaji, watu wa Dar hawapendi kuona kisu kiunoni mwa mtu. Wana haki.

Kwa nguvu tupu, nimeshika loki ya Tri-Ad ya visu vya kampuni ya Cold Steel na sijaona ya kuishinda. Mbunifu wake, Andrew Demko, aliweka pini ngumu kati ya bapa na jino la loki, kwa hiyo unapokandamiza, mzigo unaishia kwenye pini na jino halichoki. Ubaya wake ni springi ngumu. Mikono ikiwa na jasho au gundi, kukifunga ni shughuli.

Opinel ya Ufaransa naipenda kwa embe na chungwa. Ni nyepesi, inakata vizuri, na ile pete yake ya kuzungusha, iliyoanza mwaka 1955, inafunga sawasawa. Lakini mpini ni mti. Masika ikinyesha ukalowana, mti unavimba na bapa linagoma kutoka. Visu vidogo vya Victorinox navyo ni vya heshima, ila vingi havina loki, vinategemea springi peke yake. Usichomee kitu kigumu navyo.

Sasa chuma, maana hapa ndipo ushauri wa watu wa nchi za baridi unapotupotosha. Wao wanasifia chuma kinachoitwa D2 kwa kushika makali muda mrefu, na ni kweli inashika. Ina kromiamu karibu asilimia 12, ila sehemu kubwa imefungwa kwenye chembe ngumu zilizomo ndani ya chuma, hivyo inayobaki kuzuia kutu ni kidogo. Kaa nayo mfukoni siku nzima na jasho lako, au fanya kazi upepo wa bahari unapofika, utaona vidoa vya kahawia kwenye nembo na kuzunguka pini. Chuma cha kaboni cha Opinel ni zaidi: kata ndimu jioni bila kulipangusa, asubuhi bapa limeshabadilika rangi. Mimi nachagua chuma cha 420HC, kinachotumiwa na kampuni ya Buck, au 14C28N iliyobuniwa na Sandvik. Makali ya 420HC yanaisha mapema, lakini yanarudi haraka kwenye jiwe la kawaida la kunolea, wakati D2 itakutoa jasho. Mvuvi, au yeyote anayeshinda kwenye maji ya chumvi, atafute kisu cha kampuni ya Spyderco cha chuma cha H1, au cha H2 kilichochukua nafasi yake. Hiyo ina kaboni kidogo sana, na kutu haiigusi kirahisi.

Chochote utakachonunua, kisuuze kwa maji baridi ya bomba ukitoka ufukweni, kikaushe kikiwa wazi, na utie tone la mafuta ya cherehani kwenye pini. Mafuta ya kupikia yanaganda na kukamata vumbi.

Kama kijana wa kazi angeniomba nimchagulie kimoja leo, ningempa RAT 1 ya chuma cha AUS-8, kisichoshika kutu upesi kama D2, si ile ya D2. Akae nayo kwenye begi la vifaa akiwa njiani, aifungue eneo la kazi tu, kwa sababu sheria inamgusa anayetembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu. Uwanja wa ndege kisu kinapanda kwenye begi la kupakiwa, kamwe si la mkononi. Na kwenye lango la benki au jengo la ofisi, mwambie mlinzi kabla hajakipata mwenyewe.