Barua pepe ya mwanachama: hakiki kabla ya kuhifadhi

Ukitengeneza mfumo wa kusajili wanachama wa sacco, uwe Kisumu au Kakamega, usijichoshe sana na umbo la anwani ya barua pepe. Anwani inaweza kuandikwa sawasawa na bado iwe ya mtu mwingine.

Anza kwa kusafisha. Kibodi ya simu hupachika herufi kubwa mwanzoni na kuacha nafasi mwishoni. Ondoa nafasi hizo kwanza. Kisha pima mambo machache: kuna @, kuna kitu pande zake zote mbili, kikoa (sehemu iliyo baada ya @) kina nukta, jumla haizidi herufi 254, na upande wa kushoto hauzidi 64. Ukikaza zaidi ya hapo utafukuza watu halali. Kanuni nyingi za kunakiliwa mtandaoni hukubali herufi mbili hadi nne tu baada ya nukta ya mwisho, kwa hiyo hukataa .africa. Nyingine hukataa ritifaa, ilhali inaruhusiwa, na akina Nyong'o wanayo kwenye majina yao. Ritifaa ikivunja hoja yako ya SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata), kosa ni la msimbo: pitisha data kwa vigezo, yaani kando ya hoja, usiiunganishe na maandishi ya hoja.

Anwani yenye kikoa kilichokosewa kama gmial.com itapita vipimo hivyo vyote. Usiikatae, uliza, "Ulimaanisha gmail.com?" Angalia pia rekodi ya MX ya kikoa, inayotaja seva inayopokea barua zake, na ikikosekana, rekodi ya A au AAAA, inayotaja anwani ya IP ya kikoa. Mtandao ukiyumba na jibu lisije, mpokee mtu, uangalie baadaye.

Uthibitisho wenyewe ni kiungo. Tuma chenye tokeni, yaani msimbo wa nasibu usioweza kubahatishwa, hifadhi hashi yake tu (alama inayokokotolewa kutoka kwake, isiyoweza kurudishwa kuwa tokeni), kiishe baada ya saa 24. Kifungue ukurasa wenye kitufe cha kuthibitisha, kwa sababu vichujio vya barua vya maofisi hufungua viungo vyenyewe na vingethibitisha kwa niaba ya mtu. Kabla ya hapo usitume taarifa ya mkopo. Ikiingia kwa mgeni, umemwanika mwanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu.

Na tafadhali, safu ya barua pepe ikubali kubaki tupu. Wanachama wengi vijijini hawana barua pepe, au wanayo iliyofunguliwa na mhudumu wa saiba na nywila walishaisahau. Ukiilazimisha, karani mwenye foleni ndefu mbele yake atabuni anwani moja na kuwaandikia wote. Hao watumie ujumbe wa simu.