Maswali na Majibu: Nani Akatiwe Bima Kwanza?

SWALI: Nina watoto watatu, na mdogo wao ana umri wa miaka 6. Mke wangu hana ajira, hivyo sote tunategemea mshahara wangu. Wakala ananishawishi nimkatie kila mtoto bima ya elimu, lakini nikilipa ada zote tatu za bima hizo sitabakiwa na kitu cha kujikatia bima mimi mwenyewe. Kazini nina bima ya kundi itakayolipa mishahara ya miaka 2 nikifariki. Je, nimkubalie?

JIBU: Ndugu msomaji, usimkubalie kwa sasa. Kazi ya bima ya maisha ni kuziba pengo la kipato, na kwenu kipato kinaingia kwa mlango mmoja, ambao ni wewe. Bima ya elimu kwa sehemu kubwa ni akiba, na anayeichangia akiondoka huenda ikakatika, isipokuwa hati ina kipengele cha kusamehe ada mlipaji anapofariki. Wakala akikuambia kipengele hicho kipo, mwombe akuonyeshe kimeandikwa wapi.

Anza na hesabu ya kiasi ambacho familia itahitaji usipokuwepo. Tuseme, kwa tarakimu za mfano tu za sarafu yoyote, matumizi ya nyumbani ni 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka, na imebaki miaka 12 kabla mdogo hajafikisha miaka 18; hiyo ni 72,000. Ongeza deni la 8,000, kisha toa akiba ya 5,000, nawe utapata 75,000, bila kuhesabu kupanda kwa bei. Sasa linganisha na bima ya kazini: kwa mshahara wa 700 kwa mwezi, miaka 2 ni 16,800 tu, na kwa kawaida kinga hiyo hukoma siku unapoacha kazi, wakati ambapo pengine umri umesogea na afya si ile ya zamani.

Kwa hali yako ningeanza na bima ya maisha ya muda maalumu, ya miaka 12 au zaidi kidogo. Ada yake huwa nafuu kwa sababu haina akiba ndani yake: ukifariki ndani ya muda huo familia inalipwa, na ukiumaliza ukiwa hai hurudishiwi kitu. Wapo wanaoona hiyo ni hasara. Mimi naona umenunua miaka 12 ya kinga na umeitumia yote.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo hunitia wasiwasi zaidi. Mlezi wa familia anaweza kubaki hai lakini ashindwe kufanya kazi kwa ugonjwa au ulemavu, na hapo mshahara husimama huku gharama za matibabu zikipanda. Uliza kuhusu bima ya kupoteza kipato, pamoja na kipindi cha kusubiri kabla malipo hayajaanza, kwa maana miezi hiyo mtaishi kwa akiba.

Fomu ijaze mwenyewe. Wakala mwenye haraka anaweza kuandika «hapana» kwenye kila swali la afya, nawe ukatia saini. Shinikizo la damu lililofichwa hivyo linaweza kuifanya kampuni ikatae kumlipa mjane wako.

SWALI: Nilipokata bima ya maisha miaka 9 iliyopita sikuwa nimeolewa, nikamwandika mama yangu kuwa mnufaika. Sasa wosia wangu unasema fedha hizo apewe mume wangu. Nani atalipwa?

JIBU: Kwa kawaida kampuni humlipa aliyeandikwa kwenye hati ya bima, hata kama wosia unasema vingine. Ikiwa umebadili nia, omba fomu ya kubadili mnufaika, na usiridhike mpaka upate uthibitisho wa maandishi kwamba badiliko limepokelewa. Ukitaka watoto nao wanufaike, mteue mtu mzima wa kuwasimamia, kwa kuwa fedha za mtoto mdogo zinaweza kuzuiliwa hadi msimamizi apatikane kisheria.