Hukumu ya mama DeCuir inaniuma mpaka leo

Mhariri, wiki hii mmeuliza hukumu gani ya zamani inatuuma mpaka leo. Yangu ni ya Josephine DeCuir, mama mweusi wa Louisiana, Marekani. Wengi wanaijua ile ya treni ya Plessy ya 1896, iliyoruhusu kutenganisha weusi na wazungu, hii ya meli hawaizungumzii kabisa.

Ni Julai 1872, utumwa ushaisha. Mama ni mjane wa mwenye shamba la miwa (na ndiyo, familia hiyo ilimiliki watumwa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, sifichi), kashaishi mpaka Paris. Anapanda meli ya mvuke Governor Allen pale New Orleans, anapandisha mto Mississippi kwenda Hermitage, humohumo Louisiana. Anataka chumba kule juu kwenye kabini ya wanawake, anaambiwa juu ni kwa wazungu tu, weusi kabini yao iko chini. Akagoma kushuka, nao wakagoma kumpa chumba, basi mama wa watu akakesha kwenye kiti nyuma ya ile kabini huku wenzake wamelala vitandani hapohapo karibu, na nauli kalipa!

Akashtaki. Louisiana ilikuwa na sheria ya 1869 inayokataza kubagua abiria kwa rangi, akashinda, akapewa fidia dola 1,000, mahakama ya juu ya jimbo nayo ikasema ni haki yake. Rufaa ikaenda Washington, na 1878 Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta yote. Eti meli inafika mpaka Vicksburg, jimbo la Mississippi, kwahiyo Louisiana inaingilia biashara ya kati ya majimbo na hiyo ni kazi ya Bunge la Marekani. Jamani, safari yake yeye haikutoka hata nje ya Louisiana!

Sasa kinachoniuma zaidi ni hiki. 1888 Mississippi ikatunga sheria ya kulazimisha treni ziwatenganishe weusi na wazungu, kampuni ya reli ikalalamika hivyohivyo kwamba biashara inaingiliwa, na 1890 mahakama ileile ikasema hapana, hiyo inahusu safari za ndani ya jimbo tu, ruksa. Yaani kukataza ubaguzi ni kuingilia biashara, kuulazimisha siyo! Jaji Harlan wa mahakama hiyo aliliona, akaitaja kesi ya mama DeCuir na kusema haelewi tofauti iko wapi, ila yeye na Jaji Bradley walikuwa wawili tu, wakazidiwa kura.