WireGuard inawaka ila hakuna kinachofunguka

Mkuu, umesema WireGuard (programu ya VPN) inaonyesha imewaka lakini hakuna ukurasa unaofunguka, sasa hiyo alama ya kuwaka usiiamini, hii kitu funguo zikikosewa inakaa kimya tu wala haikwambii kuna tatizo. Ingia kwenye seva uandike wg show, tafuta mstari wa latest handshake (mara ya mwisho kifaa chako na seva vilipotambuana), kama haupo kabisa ni funguo au paketi hazifiki, cheki faiawoli imeruhusu UDP 51820 (mlango wa kawaida wa WireGuard) maana wengi wanafungua TCP, ambayo WireGuard haitumii, halafu wanalalamika. Kama upo, rudi kwenye kifaa chako WireGuard ikiwa imewaka, piga ping 1.1.1.1 (anwani ya mtandaoni ya kujaribia), ikipita ila majina ya tovuti yanagoma basi DNS hiyo (huduma ya kugeuza majina kuwa anwani). Majina yanapita ila kurasa zinaganda katikati? Shusha MTU (ukubwa wa juu wa paketi) mpaka 1280 ujaribu tena.