Begi la dharura lilikuwa omo, mimi nilikuwa tezi

Juzi kijana mmoja wa Bagamoyo kaniandikia: "Shikamoo mzee. Nimenunua mashua, nataka kuvuka kwenda Unguja peke yangu kama wewe. Ninunue vifaa gani vya dharura?"

Marahaba, mwanangu. Swali hilohilo niliuliza mimi, nikanunua kila nilichotajiwa, na bado nilivutwa kwa kamba mbele za watu.

Nilikuwa nimeshauvuka Mkondo wa Pemba, ile bahari kati ya Pemba na bara, mara kumi na moja peke yangu, kwa kimashua cha futi 18. Nayasema kwa majivuno, sifichi. Mara ya kumi na mbili niliondoka Wete, Pemba, baada ya sala ya alfajiri kurudi Tanga, mwezi wa saba, upepo wa kusi umeshika lakini si ya kutisha. Mwanzo hakuna la kusimulia: tanga limejaa, chai ya chupa, maandazi mawili.

Saa tatu na kitu nikasikia "ta!" nyuma yangu. Chuma cha chini kinachoshika usukani kimekatika. Usukani ukapinda, ukachomoka, ukaenda zake.

Nikashika kasia nikalitia tezini, yaani nyuma ya chombo, kuongoza. Likashika. Ndipo nikakumbuka begi: redio ya VHF ya kuitia vyombo vingine baharini, fataki za dharura, tochi, vyote ndani ya begi zuri lisiloingiza maji, nimelifunga kwa fundo tatu kule omo, mbele kabisa, chini ya amari, kamba ya nanga. Hatua tano tu. Lakini nikiliacha kasia, chombo kitageuka ubavu. Nisipoliacha, sina redio. Nilikaa pale pengine robo saa nikilitazama begi langu la gharama kama mtu anayetazama chakula dirishani.

Mwisho nikaliacha. Mashua ikalala ubavu, wimbi la kwanza likaingia, la pili likanikuta nimepiga magoti nafungua fundo kwa meno. Simu ilikuwa mfukoni, ikafa hapohapo. Nilipoipata redio nikaita chaneli ya 16, ile ya dharura: kimya. Redio ya mkononi ukiwa umekaa chini karibu na maji haifiki mbali, na siku hiyo karibu yangu hapakuwa na mtu. Fataki mbili hazikuwaka kabisa. Aliyeniuzia alikwangua tarehe ya mwisho, nami sikuangalia. Bado inaniuma.

Nanga pale haina kazi, kina kinapita mita 800. Nikashusha foromali, ule mti unaobeba tanga, nikafunga ndoo na gunia kwenye amari nikavitupa omo, ili chombo kiyatazame mawimbi. Kisha nikafua maji, kuyatoa chomboni. Maji ya pale huenda kaskazini mwaka mzima, na kusi huyaongeza kasi, kwa hiyo kila nilipoinua kichwa Tanga ilikuwa imerudi nyuma zaidi. Saa kumi na moja jioni wavuvi wa Wasini wakanikuta. Mmoja akauliza, "Mzee, wenzako wamezama?" Nikamwambia niko peke yangu. Akamtazama mwenzake, hakusema kitu. Nikakanyaga Kenya bila pasi, kilemba kimelowa. Niliporudi Tanga siku ya tatu, vijana wa ufukweni walishanipa jina: Mzee wa Kamba. Mpaka leo naitwa hivyo.

Sasa nisikilizeni. Mnauliza orodha ya vifaa, na mimi nawaambia: ukiwa peke yako, kitu kisichofikiwa na mkono wako ukiwa umekaa tezi, huna. Hata kama umekilipia. Redio ikae kifuani. Kile kifaa kidogo cha kutuma ishara kwa setilaiti, cha masafa ya megahezi 406, kifungwe kwenye jaketi okozi, na jaketi livaliwe, lisifanywe mto. Wangapi mnalifanya mto? Mnajijua.

Na msidhani muda utakuwepo. Novemba 2022, katika mashindano ya Golden Globe ya kuzunguka dunia peke yako, chombo cha Mfini Tapio Lehtinen kilijaa maji hadi sitaha kwa dakika tano hivi, kule Bahari ya Hindi, kusini mashariki ya Afrika Kusini. Aliwahi kuingia boya la kuokolea la kujaza upepo, kifaa chake kikatuma ishara, na kesho yake akaokolewa na mshindani mwenzake, Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, ambaye 2023 ndiye aliyeshinda. Dakika tano. Mimi fundo tatu peke yake zilinila zaidi ya hapo.

La pili ni mtu wa nchi kavu. Shemeji yangu alijua natoka Wete, lakini tuliagana kwa "nikifika nitakupigia". Hakushtuka mpaka baada ya isha. Siku hizi namwachia karatasi: saa ya kuondoka, saa ya kufika, na saa ambayo asiponisikia apige simu bandarini bila kunionea haya. Analalamika kwamba namfanya karani. Alalamike.

Kijana wa Bagamoyo, kabla hujanunua kitu kingine, kaa tezi mashua ikiwa imefungwa ufukweni, fumba macho, mkono mmoja kwenye usukani, mtu akuambie "umekatika!" halafu ahesabu mpaka uwe umeshika redio. Mimi huhesabiwa na mke wangu. Redio natoa kwa sekunde nne. Kifaa cha setilaiti bado kinanishinda: antena yake hunasa kwenye mkanda, naye hucheka kila mara.